Friji Iliyomtangulia Mama Mkwe

Mtu yeyote wa Bukavu aliyepokea picha kutoka kambi ya Dzaleka katika miaka ile angeapa kwamba wakimbizi wa Malawi wamegawiwa friji, kila familia na yake. Hakuna picha iliyokuja bila friji. Kijana mwenye miwani ya jua kaegemea friji. Bibi harusi kaweka mkono wenye glavu juu ya friji. Mchungaji kashika Biblia kifuani, na nyuma yake, friji. Ilikuwa nyeupe, ndefu, imevikwa kitambaa cha kufuma na kuwekewa maua ya plastiki, na mlangoni, chini kidogo ya mshikio, ilikuwa imebonyea pale ilipowahi kugongwa na kitu kizito.

Ukweli ni kwamba katika picha zote hizo friji ilikuwa moja tu. Ilikuwa mali ya Télesphore mpiga picha, na tangu ainunue haikuwahi kupoza hata kikombe cha maji.

Aliipata Lilongwe, nyuma ya ofisi za City Centre, kwa bibi mmoja wa shirika aliyekuwa anafunga virago kurudi kwao. Télesphore alikwenda pale kutafuta pazia la kutundika studioni. Akaikuta friji imesimamishwa karibu na takataka, akaanza kuizunguka huku mikono ameifunga mgongoni. Mlinzi wa nyumba alikuwa mtu mwema, akamwonya kwamba imekufa, mota imeungua, haifanyi baridi tena.

"Baridi siitake," Télesphore alimjibu. "Mi nataka isimame tu."

Ikapakiwa kwenye lori tupu lililokuwa linakwenda Mponela kuchukua mahindi, ikashushwa njia panda ya Dowa, na kutoka pale ikaingia kambini juu ya gari la ng'ombe. Watu walitoka majumbani kuiangalia ikipita. Kabla ya jioni wateja watatu walikuwa wameshaweka miadi.

Wauza vitu hudhani mtu hununua redio ili asikilize na friji ili apoze. Télesphore angewacheka. Alipofungua studio yake, vyumba viwili vya matofali ya udongo, wateja walitaka redio ya kaseti begani, ile kubwa ya spika mbili, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuuliza kama ina betri. Kisha redio ikapitwa, wakataka simu ya mezani, na yeye akawatafutia moja, waya wake akauficha chini ya zulia. Simu za mkononi zilipoingia, akaomba dukani moja ya maonyesho, ile ya plastiki tupu, isiyo na kitu ndani. Watu wazima na ndevu zao waliibana sikioni wakatabasamu, na wengine wakasema kabisa "Allô? Allô?", kana kwamba sauti nayo ingetokea kwenye picha.

Friji ilipofika, vyote hivyo vikawa vitu vya kushika mkononi tu. Mwenye nyumba sasa alikuwa friji.

Halafu, kumbe, simu za kweli zikaja na kamera ndani. Studio ikapoa. Nani alipe apigwe picha ilhali shemeji yake anaweza kumpiga bure, tena mara kumi mpaka aridhike? Télesphore alikaa kwenye kiti chake cha plastiki akiitazama kamera yake, na kusema kweli aliumia, kwa sababu kazi hiyo ndiyo iliyomlisha yeye na mke wake Douce tangu walipotoka Bukavu mwaka 2004. Alikuwa ameshaanza kufikiria kuuza mandazi wakati Vénérande, mama wa kuuza nyanya sokoni, alipoingia na simu yake mwenyewe mkononi.

"Télesphore, sikukuya kupigwa photo," alisema. "Nimekuya kwa frigo tu."

Hivyo ndivyo kazi ilivyofufuka. Watu walikuja na simu zao, wakalipia kusimama. Télesphore aliwafutia friji vumbi, akawanyooshea kitambaa, akawapangia maua. Na sheria yake ilikuwa moja, wala hakuiandika popote: wateja wawili wa familia mbili wasisimame pamoja kwenye friji. Haiwezekani. Wakiingia wote kwenye picha moja, friji itakuwa ya nani?

Mwaka 2011, mwezi wa mavuno, simu yake ikalia, na aliyekuwa upande wa pili ni mama mkwe wake, Mama Mathilde.

Ili ueleweke woga wa Télesphore, lazima ujue kwamba Mama Mathilde hakumtaka tangu mwanzo. Binti yake alikuwa amemwekea mtu wa douane, kijana wa ofisi ya forodha, mwenye suti na mshahara. Douce akaenda kumpenda mpiga picha aliyekuja kuipiga picha kwaya, akaolewa naye, na vita vilipokuja akamfuata mpaka nchi ambayo mama yake hakuweza kuionyesha kwenye ramani. Tangu siku ile Mama Mathilde alimwita mkwe wake "yule wa photo". Si kwa ubaya sana, ila ulikuwa unasikika.

"Télesphore, mi nakuya," ilisema simu. "Nakuya kuona namna mutoto wangu anaishi. Nikikuta hali si muzuri, narudi naye. Sitauliza mutu."

"Karibu sana, Mama," alisema Télesphore.

"Niko na kifurushi ya Vénérande, na ingine ya Pasta Épitace. Mama zao bamenituma. Nitafika kwa kila mumoja, nimuone na macho yangu."

Douce aliposikia alicheka mpaka akashika mlango.

"Mwambie ukweli," alisema. "Mama yangu si mugeni wa shida. Mwambie frigo ni ya kazi, basi."

"Ukweli! Miaka mingi namutumia photo zako na frigo, leo nimwambie ilikuwa ya batu bote? Atakubeba kwenye bus ileile aliyokuja nayo."

"Mi si gunia, Télesphore. Sibebwe."

Lakini Télesphore alikuwa ameshapotea katika hofu yake. Alimpenda Douce kwa namna ya mtu ambaye bado haamini kwamba alichaguliwa, na kila mwaka alingoja mtu aje amwambie kwamba kulikuwa na makosa. Sasa mtu huyo alikuwa yuko njiani.

Habari haikai mfukoni kambini. Kabla hajaihamisha friji kutoka studio kwenda nyumbani, Vénérande alikuwa mlangoni, na nyuma yake Pasta Épitace, mchungaji wa kanisa dogo la mabati karibu na kisima.

"Akifika kwangu asione frigo," alisema Vénérande, "atarudi kumwambia mama yangu nini? Kwamba imekwenda kutembea?"

"Na mi vilevile," alisema Pasta. "Mama yangu anajua ile frigo ni yangu."

"Pasta! Ulimudanganya mama yako?"

"Sikumudanganye. Nilituma photo. Photo njo ilisema."

Mtu unamjibu nini mchungaji kama huyo? Wakakaa, wakapanga. Siku ya kwanza mgeni atakuwa kwa Télesphore, na friji kwa Télesphore. Kesho yake asubuhi mgeni atapelekwa kwa Vénérande, na mchana kwa Pasta. Douce atamtembeza polepole, kwa njia ya sokoni, amwonyeshe nyanya, mahindi na kila mtu anayestahili kusalimiwa. Friji itapita njia ya nyuma juu ya kabaza ya Ciza, Mrundi mwenye baiskeli ya abiria imara kuliko zote Dzaleka, aliyewahi kubeba kitanda, mbuzi na mwenye mbuzi kwa safari moja.

Ciza aliizunguka friji, akaipiga kofi ubavuni.

"Yampayinka!" alishangaa kwa Kirundi. "Hiki si abiria. Hiki ni mtu wa kuzikwa." Lakini alikubali, na akaenda kutafuta mipira ya tairi ya kufungia.

Télesphore alimpokea Mama Mathilde stendi ya Lilongwe. Alishuka kwenye basi akiwa mdogo kuliko alivyomkumbuka, kitenge kimechoka safari, vifurushi kichwani, na kimoja mkononi ambacho hakukubali kupokewa. Mkwe alisimama pembeni, macho chini, kama adabu inavyotaka kwao. Hakucheka, hakumtazama usoni. Mama aliuliza neno moja tu kabla ya yote.

"Bote bako muzima? Vénérande, Pasta?"

"Bote, Mama."

"Muko pamoja?"

"Pamoja, Mama," alisema Télesphore, akidhani anauliza mambo ya kanisa.

Nyumbani, friji ilikuwa imechukua nusu ya sebule. Ili upite kwenda chumbani ilikubidi ugeuke ubavu na kuvuta tumbo. Mama Mathilde hakuyaona matofali ya udongo, wala bati lililotoboka. Alikwenda moja kwa moja kwenye friji, akapeleka vidole kwenye kile kibonyeo cha mlangoni, akakipapasa kama mtu anayemshika usoni mtoto aliyemwacha akitambaa.

"Njo yeye," alisema taratibu, yaani ndiyo ileile ya kwenye picha.

Kisha akafungua kile kifurushi alichokataa kupokewa. Ndani mlikuwa na kitambaa cha kufuma, cha buluu, pembe zake za waridi. Alikitandaza juu ya friji, kikaenea sawasawa, bila kupungua wala kuning'inia.

"Mama, ulijuaje kipimo yake?" Douce aliuliza.

"Nilipima kwa photo. Nilikuangalia weye, namna unaifikia kwa urefu, nikahesabu." Akaonyesha sufuria ya sambaza, samaki wadogo wa ziwa Kivu aliowaleta wamekaushwa na ambao jirani alikuwa amewaunga kwa mafuta jioni ile, akanyoosha mkono kwenye mshikio. "Sasa tuweke sambaza, zisiharibike."

"Mama!" Télesphore aliruka, adabu yote ikamtoka. "Ukifungua, baridi inatoka!"

Ndani ya friji, nikwambie, mlikuwa na tai sita, wigi, glavu za bibi harusi, zabibu za plastiki na ile simu isiyo na kitu ndani. Télesphore aliichukua ile sufuria, akaupenyeza mkono kwenye mlango uliofunguliwa kidogo sana, akaisukuma sufuria juu ya wigi. Akaufunga. Akajifuta jasho. Mama Mathilde akatikisa kichwa kwa heshima, kama mtu aliyefundishwa jambo la mashine.

Na kwa haraka ya kesho yake asubuhi, hakuna aliyekumbuka sambaza.

Ciza aliiondoa friji mara tu Douce alipomtoa Mama kwa njia ya sokoni. Aliilaza juu ya kabaza, akaifunga kwa mipira, akaanza kuisukuma njia ya nyuma ya makaburi, Télesphore akiishika kwa ubavu. Kwa Vénérande waliisimamisha pembeni ya kitanda, kwa sababu nyumba ilikuwa chumba kimoja. Wakavua kile kitambaa cha buluu, Vénérande akaweka chake cheupe, na Télesphore akatoka kupitia dirishani kwa sababu mlangoni tayari sauti ya Douce ilikuwa inasema, kwa nguvu isiyo ya kawaida, "Eee Mama, njo hapa sasa, tumefika!"

Alijikunyata chini ya dirisha, asikie.

Mama Mathilde alisalimu, akatoa kifurushi, akapokea machozi na maswali kuhusu kwao. Kisha hatua zake zikasogea kuelekea kitandani. Télesphore alijua bila kuona kwamba mkono wa Mama ulikuwa umekwenda kwenye kibonyeo.

"Hii frigo," alisema Mama.

"Yetu, Mama," alisema Vénérande haraka. "Yetu kabisa. Mume wangu njo aliinunua, Mungu amulaze pema."

"Mm." Akavuta pumzi puani. "Na weye kwenu bakutumia sambaza?"

"Hapana, Mama."

"Mm. Sasa leo Télesphore anakula wapi?"

Vénérande alisema baadaye kwamba katika maisha yake hakuwahi kuulizwa swali gumu namna ile kwa sauti nyepesi namna ile. Akajibu kwamba, kwa ajuavyo yeye, Télesphore anakula nyumbani kwake mwenyewe. Mama Mathilde alisikitika waziwazi. Alikunywa maji, akaomba wapumzike kidogo kabla ya kwenda kwa Pasta, na Douce akamtoa nje kumwonyesha bustani ya maboga.

Huo ndio ulikuwa muda wao. Ciza na Télesphore waliibeba friji, wakaitupa juu ya kabaza, wakaenda kwa kasi ambayo baiskeli haikutengenezewa. Barabara ya kisimani ilikuwa na mashimo. Kila shimo, ndani ya friji kitu kilicheza, na harufu ya sambaza iliyolala kwenye joto pamoja na wigi ikatoka kwenye mlango na kuwafuata. Akina mama wa kisimani waliacha ndoo zao.

"Munahamia wapi?" mmoja aliuliza.

"Kwa Pasta!" alisema Ciza akihema. "Kisha mbinguni!"

Nyumba ya Pasta Épitace ilikuwa nzuri, ya milango miwili, lakini aliyeijenga alikuwa mtu mwembamba na aliifikiria milango kwa mwili wake. Friji ilikwenda ndani mpaka nusu, ikakwama. Pasta aliivuta kutoka ndani. Ciza aliisukuma kutoka nje. Télesphore alisema ipinduliwe, Pasta akasema isipinduliwe, Ciza akasema jambo la Kirundi ambalo Pasta alijifanya hakulisikia. Mlango wa pili ulikuwa umezibwa na mabenchi ya kanisa. Hivyo mchungaji akawa amefungiwa ndani ya nyumba yake mwenyewe kwa friji yake mwenyewe, na katika hali hiyo sauti ya Douce ikasikika kutoka kwenye kona, safari hii bila nguvu yoyote.

"Mama," ilisema. "Tumefika."

Mama Mathilde alisimama. Alimwona Ciza, shati limelowa, bega limeegemea friji. Alimwona mkwe wake, mikono angali ameizungushia friji kama anayeaga. Juu ya friji, kati yake na kizingiti, alimwona Pasta Épitace, kichwa tu, na tai.

"Bwana asifiwe, Mama," kilisema kichwa. "Karibu."

Hapo mlango wa friji, uliochoka na mambo yote hayo, ukafunguka wenyewe. Wigi likatoka kwanza, kisha zabibu, kisha ile simu, kisha sufuria, na sambaza za Bukavu zikatawanyika kwenye vumbi la Dzaleka.

Télesphore alingoja hukumu. Alijua sasa imekwisha, na wazo lake moja lilikuwa Douce akipanda basi.

Lakini Mama Mathilde hakufoka. Aliketi palepale chini, akajishika kichwa kwa mikono miwili, akaanza kulia, kilio cha kweli, cha msiba.

"Mulianza lini?" alisema.

"Kuanza nini, Mama?" Télesphore aliuliza.

"Kugombana! Mulianza lini kugombana, mpaka munanyang'anyana frigo? Huyu anasema yake, huyu yake, na sambaza zangu zinatembea nayo! Mulikuwa munakaa pamoja muzuri. Mulikuwa nyumba moja!"

Watu walitazamana. Hakuna aliyeelewa, hata Douce. Ikabidi Mama ajifute kwa ncha ya kitenge na kuwaeleza, polepole, kama mtu anayewaeleza watoto kitu ambacho kila mtu anakijua.

"Photo zinafika kwetu, tunaleta ku kanisa. Mama ya Pasta analeta yake, mama ya Vénérande analeta yake, mi naleta yangu. Tunaziweka chini, tunaangalia. Na munafikiri sisi hatuna macho? Frigo iko na ile shimo. Photo zote, shimo ileile. Tukasema, ah! Basi batoto betu banakaa nyumba moja, kubwa, na frigo moja, banakula pamoja. Tukaimba siku ile, mutoto wangu. Tukaimba! Ku Bukavu kila mutu iko na mulango yake, na masasi za bunduki zikilia kila mutu anajifungia na wake. Lakini batoto betu bako pamoja huko Malawi. Ile njo ilikuwa inatulalisha. Si frigo. Kwetu frigo tuliziona, na umeme hakuna."

Kisha akasema kwa sauti ya chini, bila kumtazama mkwe wake: "Mwaka huu photo zikaanza kukuya nyingi, na Douce kila siku peke yake. Peke yake na frigo. Nikasema bamemuacha. Nikakuya kumutafuta."

Télesphore aliona aibu. Si aibu ya kukamatwa, hiyo aliizoea kidogo. Ilikuwa aibu nyingine, iliyompata mahali asipopatarajia. Miaka yote hiyo alikuwa amesimama nyuma ya kamera akiwaambia watu wasogee, watoke, wapishe, ili kila mtu abaki peke yake na kitu kisicho chake. Na kule upande wa pili akina mama walizipanga picha hizo chini, moja kando ya nyingine, wakaunganisha walichokitenganisha yeye.

Akamweleza yote. Mota, mlinzi, lori la Mponela, wateja, sheria yake. Alipomaliza, Mama alimtazama usoni, jambo ambalo mama mkwe halifanyi hivihivi.

"Kwa hiyo haifanye baridi?"

"Hapana, Mama."

"Ata siku moja?"

"Ata moja."

"Na jana ulinikataza kufungua, baridi isitoke."

Mbele ya mama mkwe mtu hacheki, na Télesphore aliuma midomo, akaangalia miti ya mbali, akafikiria mazishi. Lakini Ciza hakuwa mkwe wa mtu pale. Ciza alicheka mpaka friji ikatetemeka, Douce akafuata, kisha Vénérande aliyekuwa amefika akikimbia, na mwisho Mama Mathilde mwenyewe, huku machozi ya kwanza bado hayajakauka. Kutoka juu ya friji kichwa cha Pasta kiliuliza kama sasa anaweza kutolewa.

"Bado," alisema Mama. "Télesphore, kamera yako iko wapi?"

Akawapanga mwenyewe. Vénérande kulia, Douce kushoto, Ciza na baiskeli yake mbele, Pasta palepale alipo juu, na yeye Mama katikati, mkono juu ya kile kibonyeo. Sambaza hakukubali zizolewe kwanza. Télesphore alipojiandaa kupiga, akamwita.

"We unabaki huko ju ya nini? We si mutoto wangu?"

Alikuwa hajawahi kuitwa hivyo. Aliiweka kamera juu ya benchi la kanisa lililopitishwa dirishani, akabonyeza kile kitufe cha kujipiga, akakimbia kuingia. Katika picha ile ametoka nusu, mdomo wazi, macho yana maji. Ni picha mbaya kuliko zote alizowahi kupiga.

Siku ya kuondoka, stendi ya Lilongwe, baada ya kuchukua picha zilizosafishwa mjini, Télesphore aliyahesabu mabegi kwa jicho la wizi. Lilikuwa moja. Mama Mathilde alimwona akihesabu.

"Douce anabaki," alisema. "Alinikatalia, na mi pia nilikuwa nimekwisha kujikatalia. Lakini sikia. Ile kitambaa yangu isitoke ku frigo. Na nisione tena photo ya mutu peke yake nayo. Nikiona moja tu, nakuya."

Wateja walinung'unika, hilo sitaficha. Nani alipie kuonyesha kwamba friji si yake? Wengine walihama, wakaenda kupigwa mbele ya pikipiki ya mtu. Lakini kidogokidogo wakaanza kuja makundi: kwaya, akina mama wa soko, wachezaji wa timu ya mpira iliyojiita Mabaharia, ambao hawakuwahi kuona bahari, Warundi wa mtaa wa Ciza na Wakongo wa mtaa wa Vénérande, wote wakisukumana waingie kwenye picha, na kitambaa cha buluu juu. Bukavu walizipokea, wakazipanga chini, na simu ya kwanza kutoka kwa mama wa Pasta iliuliza jambo moja tu, kwa nini mwanawe alikuwa amewekwa juu ya friji.

Miaka mitatu baadaye, nguzo za umeme zilipofika mtaa wao, alikuja fundi kutoka Biwi, mjini Lilongwe, kijana hodari mwenye bisibisi mfukoni. Aliigeuza friji, akaifungua mgongo, akapiga mluzi. Alisema mota inapatikana, kazi ya asubuhi moja, na jioni watakunywa maji ya barafu. Télesphore alisisimka. Alimpigia Mama Mathilde kabla hata ya kumwambia Douce.

"Mama! Fundi anasema itafanya baridi!"

"Télesphore," alisema Mama. "Ikifanya baridi, itakuwa ya nani?"

Alisimama na swali hilo mlangoni. Nje, Vénérande alikuwa anakuja na jamaa zake wote, wamevaa, wanacheka, anayechana nywele anachana akitembea. Fundi alikuwa anangoja jibu, bisibisi mkononi, jasho linamtoka. Télesphore akamshukuru sana, akamwambia aufunge ule mgongo kama ulivyokuwa. Kisha, kwa kuwa mgeni ni mgeni, akafungua friji, akasogeza tai na wigi, akamtolea Fanta ya moto.